Kiwanda cha ulevi na kiwanda cha makonyo

Wawi, Pemba, Jumapili jioni

Leo asubuhi nilimsindikiza mpwa wangu hadi kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa kuwa alikuwa na wageni wawili waliotaka kuona namna mafuta ya karafuu yanavyotolewa. Wakati wao wakilipa kiingilio, mfuniko wa pipa moja kubwa la chuma ulifunguliwa, mvuke ukatoka na harufu ile nzito inayokaba koo, nami nikajikuta nimesimama si Wawi tena bali Dublin, mji mkuu wa Ireland, ambao nilikuwa sijaufikiria kwa miaka mingi, nje ya ukuta wa kiwanda cha bia.

Najua baadhi ya jamaa zangu watashangaa kwamba mtu ambaye hajaonja tone la ulevi maishani mwake anakumbuka kiwanda cha bia kwa huruma. Mama alikuwa wa mwanzo kushangaa, kwa simu, mwaka 2007, nilipokwenda kusoma huko na kupata chumba katika mtaa wa Liberties.

"Mwanangu, ati unakaa jirani na kiwanda cha ulevi?"

"Ndiyo, mama. Ukuta wake nauona dirishani."

Akanyamaza kidogo. "Basi dirisha ulifunge," akasema, "na sala usiache."

Sala sikuiacha, lakini dirisha sikulifunga. Kilichokuwa kikiingia hakikuwa harufu ya ulevi. Ilikuwa harufu ya shayiri inayokaangwa mpaka ikawa nyeusi, kwani ndiyo inayoipa bia ya Guinness rangi yake, na kwa pua ya mtu wa pwani haikuwa mbali na buni zikiwa kikaangoni kabla ya kutwangwa. Upepo ukigeuka, mtaa mzima ulinukia hivyo, nami nilikuwa nikiamka alfajiri nikidhani kuna muuza kahawa chini barabarani.

Kiwanda chenyewe kinaitwa St James's Gate. Arthur Guinness alitia saini mkataba wa kukikodi tarehe 31 Desemba 1759, kwa miaka 9,000, kwa pauni 45 kila mwaka. Miaka elfu tisa! Huku kwetu mtu akikodisha mikarafuu yake kwa msimu mmoja tu hutafuta mashahidi, na bado ugomvi haukosekani.

Kwa mkataba kama huo, nani angedhani kwamba kiwanda kitahama? Lakini mwezi wa Mei 2008 kampuni ya Diageo, ambayo ndiyo mmiliki, ilitangaza mpango wa euro milioni 650: kujenga kiwanda kipya kikubwa nje ya mji wa Dublin, kupunguza sana kazi za St James's Gate na kuuza sehemu ya ardhi yake, na kuvifunga kabisa viwanda vya miji midogo ya Kilkenny na Dundalk. Magazeti yalijaa habari hiyo, na mazungumzo ya mtaani hayakuwa na jingine.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliipokea habari ile kama tanzia. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa ya mbao ndani ya kiwanda, enzi ambazo mapipa yalishushwa kwa mashua za moshi katika mto Liffey hadi bandarini, mashua ambazo zilipofika darajani ilibidi bomba lao lilazwe ili zipite chini yake. Mashua za mwisho ziliondoka mwaka 1961, na mapipa ya mbao yakafuata muda mfupi baadaye, kwa hiyo mzee alikuwa ameshazoea kuona kitu kimoja kimoja kikitoka. Hakulalamikia bia, wala sikumsikia akilalamikia ajira. Alisema kwamba tangu utotoni alikuwa akijua upepo unatokea wapi kwa harufu ile, bila ya kutazama mawingu, na kwamba hakuwa tayari kujifunza upya katika umri wake.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Sisi watoto wa Wawi tulijua hivyo hivyo, tukiwa njiani kwenda skuli, kama kiwanda cha makonyo kimewasha moto siku hiyo ama hakikuwasha.

Kilichonishughulisha zaidi kilikuja baadaye. Msukosuko wa fedha wa mwaka ule uliuchelewesha mpango, kisha kile kiwanda kipya cha nje ya mji kikaachwa, na badala yake nyumba mpya ya kupikia bia ikafunguliwa mwaka 2014 palepale St James's Gate. Dublin ikapona. Kilkenny, ambako bia ilikuwa ikipikwa tangu mwaka 1710, na Dundalk havikupona. Vilifungwa, na kazi yao ikapelekwa Dublin. Huko 2008 kelele zote zilikuwa za kukitetea kiwanda chenye jina, na hawa wadogo walitajwa mwishoni mwa habari, kama watu wanaotajwa mwishoni mwa dua.

Simtupii mtu lawama, kwani mahesabu ya biashara siyajui. Nasema tu nilichokiona: penye hadithi ya kuuza hupona, na penye kazi peke yake hufungwa. Dublin ilikuwa na jengo la mwaka 1904 lililokuwa la kuchachushia bia hadi 1988, likafunguliwa kwa watalii mwaka 2000, na hilo halikuwa hatarini hata kidogo. Nililiingia mara moja, kwa fedha nilizopata kwa kuosha vyombo mkahawani, na kile kinywaji kinachotolewa juu kabisa kwa kila mwenye tiketi nilimpa mwenzangu wa foleni, ambaye alinishukuru kama ndugu.

Ndiyo maana leo nilikuwa nikiwatazama wale wageni wawili kwa moyo wa namna mbili. Nafurahi wanakuja, maana karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huku Pemba, na bado mtalii huonyeshwa viungo Unguja akarudi kwao akidhani amemaliza. Lakini sitaki kiwanda hiki kije kuwa cha kutazamwa tu. Nakumbuka usiku wa kuchambua karafuu, sote tumekaa kwenye jamvi, karafuu upande huu na makonyo upande ule, na yale makonyo ambayo hayakuwa na thamani mbele ya wakubwa tuliachiwa sisi watoto tuyauze tununue madaftari.

Mgeni mmoja aliuliza kwa nini mafuta ya makonyo huzama chini ya maji ilhali ya mchaichai huelea. Fundi hakujibu, alichukua chupa mbili, akazijaza, akaziweka mezani, akarudi kwenye pipa lake lililokuwa likisubiri kupakuliwa.

Nilirudi nyumbani adhuhuri. Mama alikuwa barazani, macho yake sasa hayaoni vizuri, lakini nilipoinama kumwamkia alilinusa shati langu.

"Leo wamewasha," akasema.