Kivuli cha picha kwenye Word kiwe laini, jamani

Hapa Lamu karatasi zinachapishwa kila siku, menyu za hoteli, mabango ya gesti za Shela, kadi za harusi, ratiba za Maulidi, na nyingi zinatengenezwa kwa Word tu pale saiba. Kazi ni nzuri lakini picha zinaniumiza, maana mtu akijua tu kwamba kuna kivuli basi anaweka kizito cheusi ti, picha inaonekana kama imebandikwa juu ya kibao.

Kukiweka chenyewe ni rahisi. Bofya picha, juu itatokea Picture Format, ingia Picture Effects halafu Shadow, utaona vile vya nje, vya ndani na vya kulala. Mimi nachukua cha nje halafu siishii hapo, nashuka chini kabisa mpaka Shadow Options, huko ndiko kazi iliko. Transparency, yaani wepesi wa kivuli, ipandishe iwe kama 70, Blur, ule ukungu wa kingo zake, 8 hivi, Distance, umbali wake na picha, 3 au 4 basi. Rangi pia si lazima iwe nyeusi, kwa karatasi ya rangi ya maziwa kahawia iliyokolea inakaa vizuri zaidi.

Sasa Angle, yaani upande kivuli kinakoangukia, hiyo ndiyo watu wanairuka na ndiyo inayoharibu kila kitu. Chukua picha ya mlango wa kuchonga, ile milango yetu ya mji wa kale, uiangalie kwa karibu pale kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Nakshi zile unaziona kwa sababu ya vivuli vidogo vilivyolala ndani ya machongo, jua likipiga kutoka kushoto kila ua lina giza upande wake wa kulia. Sasa wewe umeweka kivuli cha picha kimeangukia kushoto! Msomaji hatakwambia kosa liko wapi ila jicho lake linakataa tu. Kwa hiyo tazama kwanza jua liko wapi ndani ya picha, ndo uamue, 45 inaangusha kivuli chini kulia, 135 chini kushoto, 90 chini moja kwa moja. Na kama ukurasa una picha tano zenye mwanga tofauti tofauti, basi zote zipe 90, usizichanganye kabisa. Ukishaipanga moja vizuri usianze upya kwa zingine, tumia ile brashi ya Format Painter, inahamisha kivuli chote kama kilivyo.

Kuna wanaopenda kukata jahazi litoke peke yake bila bahari, kwa Remove Background. Hapo kivuli kinafuata umbo la tanga na mlingoti, si pembe nne tena, na kwa kweli kinapendeza, ila Distance iwe ndogo sana la sivyo jahazi linakuwa kama limekatwa kwa mkasi.

Ukiona hizo Picture Effects hazipo au zimepungua, angalia jina la faili juu, kama pameandikwa Compatibility Mode basi hiyo ni doc ya zamani, nenda File, Info, Convert, zitarudi. Wanaotumia programu ya LibreOffice Writer badala ya Word, bofya picha kwa kulia, Properties, kivuli kiko kwenye Borders.

Na kabla hujatoa nakala mia chapisha moja kwanza. Kwenye skrini kivuli laini ni kizuri mno, lakini printa ya leza ya nyeusi na nyeupe inakitengeneza kwa vidoti, kikiwa chepesi sana unapata vumbivumbi pembeni mwa picha. Kazi ya hivyo mimi naiondolea kivuli chote, naweka mstari wa kijivu wa nusu pointi kuzunguka picha, na mteja anaridhika.