Jinsi nilivyorudisha uwezo wa kunusa

Mafua yaliisha, lakini pua ilibaki imeziba na harufu zote zikapotea. Hata chakula kilipooza, maana sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Daktari wa masikio, pua na koo alichungulia kwa kamera nyembamba, akaona uvimbe na vinyama vya pua. Sehemu inayonusa iko juu kabisa ndani ya pua, na hewa haikuwa ikiifikia.

Nikaanza kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Tafadhali usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa. Yanaweza kubeba vijidudu hatari. Kisha nikapuliza puani dawa ya steroidi, inayopunguza uvimbe, nikiielekeza upande wa sikio, kwa sababu ukuta wa kati huvuja damu upesi. Dawa hii huhitaji wiki kadhaa, kwa hiyo usiiache mapema.

Asubuhi na jioni nilinusa kwa makini waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Karafuu ilirudi kwanza, kisha moshi. Huo ulinifurahisha kuliko vyote, kwani asiyenusa hagundui hata gesi inayovuja. Dawa naendelea nayo, maana vinyama huweza kuota tena.