Deni Ambalo Yusuf Hakulijua
Katika riwaya ya Paradise ya mwaka 1994, Abdulrazak Gurnah hasimamishi hadithi ili atufundishe jinsi biashara ya misafara ilivyowafunga watu kwa madeni enzi za Wajerumani. Tunamfuata Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayesafiri kwa treni na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami; kisha huko dukani kwa Aziz, Khalil, kijana anayefanya kazi hapo, anamwambia waziwazi kwamba yule si ami yake, na kwamba Yusuf yuko pale kwa sababu baba yake anadaiwa na tajiri huyo. Hapo ndipo hata sarafu ambazo Yusuf alikuwa akipewa na Aziz alipokuja kwao kama mgeni zinapobadilika maana. Naamini kabisa kwamba deni hilo lingetajwa mwanzoni, tungelielewa, lakini lisingetuuma.