Ninaisubiri X870E kwa Sababu si Mpya Sana

Kampuni ya prosesa ya AMD ilipotangaza chipseti (chipu za bodi mama zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) za X870 na X870E mwezi Juni 2024, kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei, wengi walilalamika kwamba ni jina jipya tu. Malalamiko hayo yana msingi, kwani X870E hutumia chipu mbili zilezile za Promontory 21 zilizomo ndani ya X670E ya mwaka 2022. Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari njema.

Bodi mama niliyokuwa nayo awali, ambayo sitamtaja aliyeitengeneza, iliganda kila niliponakili mafaili makubwa kutoka diski moja kwenda nyingine, na wakati mwingine ilijiwasha upya bila kutoa ujumbe wowote wa kueleweka. Nilibadilisha RAM, nikabadilisha pawasaplai, hadi fundi alipofunga bodi nyingine na tatizo likatoweka. Ubaya wa chipseti ni huo: kwa kuwa diski nyingi, vifaa vya USB na mtandao hupitia humo, chipseti ikiugua huonekana kama diski ndiyo mbovu, au waya, au Windows.

Hata kampuni kubwa haziponi. Tarehe 31 Januari 2011, wiki chache tu baada ya prosesa za Sandy Bridge kuingia sokoni, Intel ilikiri kwamba chipseti zake za mfululizo wa 6 zilikuwa na kasoro ambayo ingedhoofisha polepole milango minne ya SATA (ya kuunganishia diski) ya kasi ya 3Gb/s, huku miwili ya 6Gb/s ikibaki salama. Gharama ya kurekebisha na kubadilisha ilikadiriwa kufikia dola milioni 700. Anayeishi karibu na duka alirudisha bodi yake akapewa nyingine. Sisi tunaoagiza Dubai kupitia mtu anayesafiri, dhamana yetu huishia uwanja wa ndege.

Soketi ya AM5, yaani kitako cha prosesa kwenye bodi hizi za AMD, nayo imeshapitia misukosuko yake. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua zikiwa kwenye bodi zao, na AMD ikatoa BIOS (programu ya msingi ya bodi mama) iliyozuia volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia RAM, isizidi 1.3. Marekebisho ya namna hiyo ndiyo ninayoyalipia ninaponunua silikoni iliyokwisha kutumika miaka miwili, na sioni aibu kusema kwamba kasi ya ziada hainishughulishi.

Kinachonitia wasiwasi kidogo ni USB4, aina ya USB yenye kasi kubwa, ambayo sasa ni lazima kwenye bodi zote za X870 na X870E, na ambayo huletwa na chipu ya pembeni. Kwa hiyo nitaacha matoleo ya mwanzo ya BIOS yapite kwanza ndipo niagize, na bodi ikifika itaendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha kabla sijathubutu kuwasha EXPO, mpangilio wa AMD wa kuongeza kasi ya RAM.