Siku jirani alidai tunaita nondo

Jirani yetu aliingia na panga mkononi, si ya kukata mtu, alikuwa anatoka kukata nyasi ya nepia, lakini vile alikuwa anairusharusha akiongea hata mbwa wetu alijipeleka chini ya ghala. Ati tumetundika dawa ya kuita nondo watoke huko kote mpaka Mlima Elgon waje wamalize mahindi yake. Hii ilikuwa Mei 2018, Kimilili, mahindi yamefika magotini, na watu walikuwa bado na uchungu wa 2017, maana huo ndio mwaka viwavijeshi vamizi, watoto wa hao nondo, waliingia Kenya na sisi wa magharibi tukawa kati ya wa kwanza kuliwa shamba.

Dawa yenyewe ilikuwa mtego. Binamu yangu, saa hiyo akisomea bailojia Maseno, alikuja nao likizo: ndoo nyeupe, faneli ya njano, kifuniko cha kijani, na ndani kampira kadogo kenye harufu ya nondo jike. Tuliufunga kwa mti kando ya shamba, bahati mbaya upande wa jirani.

Kesi ilisikizwa jikoni kwa Kukhu, nyanya yetu, kwa sababu shamba ni lake. Chai kwanza, kwake hugombani na mtu kama hamjakunywa chai. Alafu binamu akamwaga nondo wa usiku huo kwa gunia, wengine bado wanatingishika, akasema mzee angalia hapa kwa ncha ya bawa. Kila mmoja alikuwa na kadoa keupe. Hao ni madume, jike wa hii aina ni kijivu tu hana mapambo. Akamwambia hii mpira hainuki mahindi wala chakula chochote, inanuka jike ambaye ako tayari, na dume anaisikia kwa papasi, zile mbili za kichwani. Kwa papasi kuna vinyweleo, ndani ya vinyweleo kuna vipokezi vya kunasa harufu, kila kipokezi kinatengenezwa kwa maagizo ya jeni yake na kina harufu zake, lakini vingi haviwezi kazi bila mwenzao mmoja anaitwa Orco. Wafaransa walizima jeni ya Orco kwa nondo wa ukoo huu huu, Spodoptera littoralis, wakachapisha 2016, na dume akawa kama mtu wa homa pua imeziba, jike anaita yeye hana habari.

Jirani akanyamaza, akavuta chai, akauliza: "Sasa mkiita wanaume kwenu, wanawake si watawafuata?"

Kukhu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilikuwa naona ni swali la maana kabisa, na hata leo naona hivyo. Binamu akasema hapana, jike hafuati dume, yeye ndiye anafuatwa, na akishapandwa anatafuta pahali pa kutaga, hapo sasa harufu ya mahindi yenyewe ndiyo inamwongoza, mtego au hakuna mtego. Tena akakubali kitu ambacho sikutarajia, kwamba hiyo ndoo haiokoi mahindi, inakwambia tu nondo wamefika ndio uanze kugeuza majani utafute mayai. Hapo ndio panga ililala chini.

Lakini kilichonishika mimi ni swali la Kukhu. Aliuliza mbona hawa watoto wao hawachagui, wamekula mahindi, wameenda kwa mtama wake. Binamu akasema jenomu ya huyu mdudu, yaani maagizo yake yote ya urithi, ilisomwa ikatoka 2017, wakapata jeni kama 230 za vipokezi vya ladha, wakati nondo wengi ambao viwavi wao wanakula mmea aina moja wako na makumi tu. Na huyu amepatikana kwa mimea zaidi ya aina 350! Watafiti wanadhani ukila kila kitu unakutana na sumu nyingi za majani, kwa hivyo lazima uwe na njia nyingi za kuonja uchungu. Kukhu akasema basi ako na ulimi kuliko sisi wote hapa.

Mwaka uliofuata, 2019, nikasoma Wachina walitoa jeni moja ya ladha, Gr66, kwa kiwavi wa hariri, yule ambaye tangu zamani ni majani ya mforosadi tu, akaanza kutafuna matunda na nafaka. Hiyo bado inanisumbua. Huyu wetu ana jeni nyingi na anakula kila kitu, yule kupunguziwa moja ndio naye akaanza kula kila kitu. Nafikiri mdomo wa mdudu unafanya kazi ya kukataa zaidi ya kutamani, lakini mimi si mwanasayansi.

Makubaliano yalikuwa mtego ubaki, na jirani awe anakuja asubuhi kuhesabu mwenyewe. Alihesabu kweli, kuliko hata binamu. Siku moja akaleta nondo kwa kiganja, hana doa jeupe, akasema nimemshika mwanamke, mlinidanganya. Binamu akamgeuza, akamwangalia sana, akasema huyu si wa hii aina, ni nondo mwingine ambaye harufu ya jike wake inafanana na hii, anaingia mtegoni bila kutumiwa mwaliko. Jirani hakuamini hata kidogo. Alimweka kwa kibiriti akaenda naye nyumbani kumuonyesha mke wake.