Damu ya Wapi?

Chupa ilikuja imeandikwa neno moja tu: "damu". Nilikuwa na miezi michache katika maabara ya kupima sumu na dawa miilini hapa Marekani. Mkuu wangu, mama mtu mzima, aliigeuzageuza kwenye mwanga kisha akaniuliza, "Damu ya wapi?"

Sikulielewa swali. Kwangu mimi damu ilikuwa damu.

Mtu akishafariki, dawa haitulii mwilini. Huvuja kutoka kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo, ikaingia kwenye damu iliyo jirani. Ukichota damu ya moyo siku mbili baada ya kifo, waweza kukuta fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu, nyingi kuliko ile marehemu aliyokuwa nayo akiwa hai. Ndiyo maana tunaomba damu ya mshipa wa paja, ulio mbali na viungo hivyo, na mshipa wenyewe ufungwe kwanza kwa juu.

Marehemu alikuwa mzee mwenye saratani. Alivaa kibandiko cha fentanili ngozini, kile cha kubadilishwa kila saa 72. Kipimo cha haraka cha dawa za maumivu za jamii ya mofini hakikuona kitu, maana umbo la fentanili ni jingine kabisa na kipimo kile hakiitambui. Mashine kubwa ndiyo iliyoikamata, na namba ilikuwa ya kutisha. Lakini mtu aliyeitumia dawa hii miezi na miezi mwili wake umeizoea. Kiwango kinachomzimia pumzi mgeni wa dawa, yeye anakaa nacho akinywa chai na kuongea na wajukuu.

Bintiye ndiye aliyekuwa akimbandika. Alipiga simu maabara mara mbili, sauti imekauka, akitaka kujua kama ni yeye aliyemuua baba yake.

Tukauliza. Kumbe damu ilikuwa ya moyo. Tukaomba ya paja na kipande cha ini, tukaomba kumbukumbu za duka la dawa. Vibandiko vilivyobaki vilihesabiwa, hakuna hata kimoja kilichopungua kabla ya siku yake. Damu ya paja ilitoa namba ndogo sana kuliko ile ya kwanza. Daktari aliyeuchunguza mwili akaandika saratani.

Usiku ule nilimpigia shangazi yangu Tanga. Yeye ndiye aliyemuuguza bibi, akimnywesha mofini ya maji kila baada ya saa nne, na tangu msiba ule hajaacha kukitaja kijiko cha alfajiri ya mwisho.

"Shikamoo shangazi. Kile kijiko, ulikipima vipi?"

"Marahaba mwanangu. Kama siku zote. Kama nesi alivyonionyesha."

Nikamweleza kuhusu mwili uliozoea dawa. Nikamwambia kijiko kilekile alichokuwa akimpa kila siku hakikugeuka sumu alfajiri ile. Bibi alikuwa anakwenda kwa ugonjwa wake.

Akanyamaza. Nikasikia redio yake ikizimwa.

"Hebu rudia," akasema. "Polepole."

Nikarudia.