Mwaka mmoja na miezi miwili ndani ya pagale

Bendi yetu ilikuwa ya kukopi. Kila Ijumaa tulipiga kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam, tumebanwa kwenye kona karibu na mlango wa jikoni, harufu ya samaki wa kukaanga ikipita katikati ya nyimbo. Mimi ndiye mpulizaji pekee. Ijumaa moja ya mwaka 2014, wakati wa mapumziko, mzee mmoja Mmarekani akanisogelea na kuniuliza kama naweza kumpigia chochote cha Sonny Rollins. Nikaitikia kwa kichwa. Jina lenyewe sikuwa nimewahi kulisikia. Tuliporudi jukwaani nikapiga solo yangu ileile ya siku zote, nikaifunga na ule mlio wa juu ambao watu huwa wanaushangilia. Mzee alipiga makofi kwa adabu, akarudi kwenye samaki wake.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, mpiga besi akanivuta pembeni. "Kaka, samahani. Unajua solo ya leo ndiyo ya Ijumaa iliyopita? Na ndiyo ya mwezi uliopita." Hakusema kwa ubaya. Niliingia kwenye daladala saa saba usiku na sentensi ile moja kichwani, na mpaka nafika nyumbani sikuwa nimepata cha kujitetea.

Nilijifunzia kupuliza usharikani, Iringa, kwenye bendi ya matarumbeta ya Kilutheri ambako kila mtu ana sauti yake na kazi yako ni kutotoka nje ya mstari. Nilipokuja Dar nikapata kazi kwenye matarumbeta ya harusi, yale ya nyuma ya pikapu, mnasindikiza bwana na bibi harusi kuanzia kanisani mpaka ukumbini huku mmeshikilia bomba la gari kwa mkono mmoja. Ni shule nzuri ya pumzi na ni shule mbaya ya kila kitu kingine. Saksafoni niliachiwa na baba mdogo. Yeye alipiga kwenye bendi za dansi enzi zake, na bendi ilipokufa ala hiyo, saksafoni ya aina iitwayo tena, ikaenda chini ya kitanda. Nilipoitoa, mende walikuwa wameshatafuna pedi nne, vile vigozi vinavyoziba matundu. Fundi viatu wa Mwananyamala alinikatia nyingine kwa ngozi laini ya kondoo, na mbili kati ya hizo ziko hapo mpaka leo.

Asubuhi ile baada ya hoteli nikalitafuta jina la yule mtu kwenye simu. Kitu cha kwanza kilichotokea ni kipande alichorekodi Juni 1956, kinachobeba jina la kisiwa cha Saint Thomas, huko Karibi, asili ya mama yake. Wazazi wake walitoka Visiwa vya Virgin, yeye akazaliwa Harlem, New York, mwaka 1930. Ngoma inaanza peke yake, halafu saksafoni inaingia na kawimbo kadogo ka kitoto kabisa, kalipso ya kisiwani, kama kitu ambacho mtu angekiimba akiosha vyombo. Kisha anaanza kukigeuza. Anakivunja, anakirudisha, anakitania. Nilimsikilizisha baba mdogo. Alifumba macho mpaka mwisho, akauliza, "Huyu ni wa bendi gani?" Nikamwambia ni mtu wa jazz, Mmarekani, na mimi sasa nataka kujifunza jazz.

Akacheka sana. "Jazz gani tena, mwanangu? Mimi nimepiga Jazz miaka ishirini."

Na alikuwa na haki yake. Kwetu jazz lilikuwa jina la bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Hakuna aliyeuliza kama wanapiga kama watu wa New York. Walijifunza rumba kwenye santuri za GV, zenye muziki wa Kyuba, na wapulizaji wa rika la baba mdogo walimsikiliza Verckys, yule Mkongo aliyeingia OK Jazz ya Franco mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akaanzisha bendi yake. Kwa hiyo masikio ya mzee hayakuona ugeni wowote kwenye ile kalipso ya Rollins. Visiwa vilevile, bahari ileile, watu walewale walioondolewa Afrika.

Kilichonishika mimi hasa ni habari ya daraja. Mwaka 1959 Rollins alikuwa anatajwa kama mpiga saksafoni ya tena bora wa kizazi chake. Magazeti yanamsifu, santuri zinatoka, kumbi zinajaa. Akaacha. Alijiona hajafika pale watu wanapomweka. Alikuwa anakaa Grand Street, upande wa chini wa Manhattan, na jirani yake alikuwa mama mjamzito, hivyo kupuliza ndani ilikuwa kumsumbua mtu. Siku moja akatembea mpaka Daraja la Williamsburg, akapanda njia ya waenda kwa miguu, akagundua kwamba pale juu, treni zikipita na meli zikipiga honi chini, anaweza kupuliza kwa nguvu zake zote na asimuudhi mtu. Alifanya hivyo, jua na baridi, mpaka mwaka 1961. Mwenyewe amesimulia kwamba siku nyingine alikaa saa kumi na tano. Mwandishi aliyemgundua huko alibadilisha hata jina la mpulizaji kwenye makala yake ili asije akasumbuliwa.

Mimi sina daraja. Ninakokaa, Goba, kuna mapagale. Lililo jirani ni la mtu anayeishi nje ya nchi. Lilikuwa limefika kwenye lenta na kukaa hapo miaka sita, miti ya mpapai imeota sebuleni. Ndugu yake anayelitunza alinikubalia kwa masharti mawili: nisipike humo, na nifyeke majani. Machi 2015 nikaaga hotelini. Harusi za Jumamosi nikabaki nazo, na asubuhi nikawa naendesha bodaboda ya shemeji. Mke wangu alikuwa na biashara ya vitenge, na nikiri wazi kwamba ndiyo iliyotulisha. Kwa Rollins hali ilikuwa hivyohivyo. Mwenzake Lucille, aliyekuja kumuoa mwaka 1965, alikuwa na ajira wakati yeye yuko darajani. Sehemu hiyo huwa haisimuliwi sana.

Nilianza kwa ujinga. Kama Rollins aliweza saa kumi na tano, mimi nitashindwa nane? Siku ya nne mdomo wa chini ulipasuka kwa ndani pale meno yanapoubana, na nilikaa siku tisa bila kugusa ala, nakunywa uji kwa mrija. Yule bwana alipopanda daraja alikuwa ameshapuliza kwenye bendi ya mpiga ngoma Max Roach na mpiga tarumbeta Clifford Brown. Mdomo wake ulikuwa wa chuma. Mimi nikashuka mpaka saa mbili, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita. Baada ya miezi mitano nikafikisha tatu, na sikuongeza tena.

Mwezi wa kwanza wote nilipiga noti moja moja. Unachukua noti ya chini kabisa ya saksafoni, ile inayoziba matundu yote, unaivuta polepole mpaka pumzi iishe, bila kutetemeka. Wiki ya kwanza nilifika sekunde kumi na moja na sauti inayumba kama mlevi. Hapo ndipo pagale lilipokuwa mwalimu. Kuta za matofali bila plasta na bila dari zinakurudishia kila ulichotoa, na mwangwi hauna aibu: noti ikishuka kidogo unaisikia inagombana na ile iliyotoka ukutani. Hotelini, nyuma ya kinanda na spika, nilikuwa nimejificha miaka yote ile. Kufikia Juni nilikuwa navuta sekunde thelathini. Baadaye nikaongeza zoezi la kubaki na vidole palepale kwenye noti ya chini na kuibua noti za juu yake kwa koo na midomo tu. Siku ya kwanza hutoka mlio wa bata. Endelea nalo.

Nusu ya shida zangu zilikuwa za ridi, kile kitete cha mdomoni. Nilikuwa natumia kimoja mpaka kiwe cheusi kwa sababu ya bei. Nikajifunza kuwa navyo vinne na kuvipokezana, kila kimoja siku yake, na kukilaza juu ya kipande cha kioo kikauke bila kupinda. Kwa joto na unyevu wa Dar vinadumu hivyo karibu mara mbili. Springi za vibonyezo nazo zililiwa na kutu; tone la mafuta ya cherehani kila wiki likasaidia.

Agosti nikaitwa kwa mjumbe. Kuna mama alishtaki kwamba kwenye pagale kuna jini, linalia mchana kweupe. Nilikwenda na ushahidi begani. Mjumbe akaniamuru nipige mbele ya wazee, nikawapigia kipande cha dansi cha zamani, na mzee mmoja akasimama akazunguka mara moja na bakora yake kabla ya kukumbuka kwamba yuko kwenye kesi. Hukumu: niendelee, ila adhana ya adhuhuri inikute nimenyamaza. Watoto wa pale mpaka leo wananiita Baba Jini.

Lakini pumzi peke yake haiponyi maradhi aliyoyataja mpiga besi. Nilikuwa na sauti nzuri sasa na sina la kusema nayo. Nikarudi kwa Rollins na kusikiliza kipande kimoja kwa wiki nzima, ndipo nikaelewa kinachoendelea: anachukua noti chache kutoka kwenye wimbo wenyewe na hazimtoki mkononi, kila anachosema baadaye kimetoka humo. Mwaka 1958 mtunzi mmoja, Gunther Schuller, aliandika uchambuzi mrefu wa jambo hilo, na Rollins amesema kuusoma kulimsumbua, akaanza kujiangalia anavyopiga. Namuelewa. Mimi nilichukua noti tano tu za wimbo ambao mama alikuwa anaimba akipepeta mahindi, nikajikataza ya sita kwa mwezi mzima. Zigeuze. Anza na ya mwisho. Nyamaza mahali pa noti moja. Rudia moja mara tisa kwa midundo tofauti. Wiki ya pili nilitaka kulia kwa kuchoka. Wiki ya nne nilipiga nusu saa bila kusimama, na kwenye rekodi ya simu sikusikia sentensi yangu ya hotelini hata mara moja.

Kuna kitu kingine cha maisha yake kilichonisaidia siku za bodaboda, pale wateja wa zamani wa hotelini wanapokutambua chini ya helmeti. Rollins alifungwa akiwa kijana, akazama kwenye heroini, mwaka 1955 akaingia mwenyewe hospitali ya serikali Lexington, Kentucky, kutibiwa. Alipotoka alikaa Chicago akifanya kazi za usafi kabla ya kurudi jukwaani, akiogopa kwamba kumbi zitamrudisha kwenye dawa. Mtu aliyepiga ile kalipso alikuwa ameshika ufagio mwaka mmoja tu nyuma. Mimi pikipiki itanivunjia heshima gani?

Mei 2016 mpiga besi yuleyule akanipigia simu. Ana kazi ndogo kwenye mgahawa wa Msasani na mpiga kinanda amemkimbia. Tukaenda watatu: besi, ngoma, saksafoni. Rollins alishapiga hivyo mwaka 1957, bila piano, na nilipoisoma habari hiyo niliiona kama maringo. Ukisimama hapo unajua si maringo. Hakuna kinanda cha kukuonyesha wimbo uko wapi. Usipoubeba wewe, umeanguka. Nilianza na zile noti tano za mama. Dakika tatu ndani nikapotea kabisa, nikanyamaza, mpiga ngoma akajaza, nikarudi na noti moja ndefu mpaka nikaiona njia. Mpiga besi hakusema kitu tulipomaliza. Alinipa chupa yake ya maji.

Wiki mbili baadaye mwenye pagale alituma hela. Nilikuta mbao za kenchi zimeshushwa na mpapai wa sebuleni umekatwa. Mafundi waliniruhusu nibaki chumba cha nyuma wakati wanaezeka, na fundi mkuu, mtu wa Singida, kila nikikaa kimya muda mrefu alikuwa anagonga bati kwa nyundo kunikumbusha. Plasta ilipofika chumba changu mwangwi ukaanza kufa, ukuta baada ya ukuta. Siku ya mwisho upande mmoja ulikuwa umekauka na mwingine bado matofali, nikawa napiga nimeugeukia ule wa matofali.